Mzee Yumo Ndani ya King'amuzi

Jumatano, 10 Septemba 2025

King'amuzi kimekufa! Saa kumi na moja jioni, bila kuaga. Taa ilikuwa ya kijani, ikawa nyekundu, kisha hapakuwa na taa. Ikaja harufu, nusu udi nusu plastiki. Nimekipiga kofi upande wa kulia. Nimekipiga upande wa kushoto. Nimechomoa waya, nimehesabu mpaka mia, nimechomeka tena. Kimya.

Na hiki si king'amuzi cha kawaida. Kinarekodi. Ndani yake yumo baba mkwe.

Niandike vizuri, maana nikija kuulizwa nataka maelezo yangu yawe tayari. Mwezi wa nne, baada ya Idi, watu wa runinga walikuja hapa Bagamoyo kumpiga picha mama mkwe wangu, Bi Mwanvita, akipika mkate wa kumimina. Kipindi cha dakika ishirini. Mama kaongea dakika kumi na tisa na nusu. Nyuma yake, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ameketi mumewe, Mzee Abdulswamad, anakuna. Mtangazaji akamuuliza na yeye kazi yake ni ipi. Mzee akajibu kwamba yeye mkunaji tu. Basi. Akaendelea kukuna.

Siku kilipoonyeshwa, Mama alikuwa Pangani akimuuguza dada yake. Hakukiona. Aliporudi, Mzee akaanza kuumwa, na baada ya siku chache akafariki. Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, na runinga kaikataa mwenyewe. Eda inaisha Alhamisi ijayo. Ijumaa anakuja kwangu. Amesema akitoka tu, jambo la kwanza ni kumwona mzee wake akikuna nazi. Na nani alimwahidi? Mimi! Kwenye hitima, mbele ya ukoo mzima. Nilisema mama asiwe na wasiwasi, mzee nimemhifadhi.

Mke wangu Maulida kauliza mbona runinga haiwaki. Nimemwambia umeme mdogo. Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekipeleka kwa Fundi Bwanausi, nimekifunga kwenye kanga ili Maulida adhani napeleka nguo kwa fundi cherehani. Fundi kakifungua. Kaguna. Kachukua brashi. Katoa masizi, katoa nyuzi nyeupe, katoa jivu. Kaniuliza kilikuwa kinafunikwa na nini. Nikasema hakifunikwi na kitu.

Ukweli ni kwamba kinafunikwa. Tulipokinunua, Mama mkwe alikifumia kitambaa cheupe, chenye maua na pindo refu mpaka chini. Kitambaa cha mkwe hakiondolewi. Na kila Alhamisi jioni tukifukiza udi, chetezo nakiweka juu yake, maana ndipo katikati ya chumba, moshi unafika pote. Miaka mitatu sasa. Leo fundi ananiambia yale matundu ya juu ndiyo pua za mashine. Mimi nilijua ni mapambo.

Bodi imeungua, haitengenezeki. Lakini diski ni hai! Kaitoa kanipa mkononi. Kijisanduku cha chuma, ukubwa wa kitabu kidogo cha Yasini. Nimekiweka sikioni. Nimekitikisa kidogo. Ajabu kabisa. Makaa, sufuria, nazi, mtangazaji, mama mkwe na maneno yake yote, wamo humo na hakuna hata mchakacho.

Fundi kaniambia nisitikise.

Ijumaa, 12 Septemba

Steshenari ya Mwanajuma, mara baada ya sala. Kachomeka diski kwenye kompyuta. Kompyuta ikasema haiitambui diski hii, tena ikauliza iifute? Kidole cha Mwanajuma kilikuwa tayari njiani. Nilipiga ukelele, watu waliokuwa wakitoa kopi za vyeti wakatoka nje na karatasi zao.

Tukatulia. Kahangaika na programu zake, akayapata mafaili. Yapo! Hata tarehe ya mwezi wa nne ipo. Kafungua. Chengachenga, vidoti, mvua ya kijivu. Kafungua jingine. Mvua ile ile. Nikamuuliza kama ni sehemu ya kipindi. Kasema hapana, yamefungwa. Picha imevurugwa kwa makusudi, na bila ufunguo wake haikusanyiki.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Nani kamfunga mzee wa watu? Nilirekodi mwenyewe, sebuleni kwangu, kwa rimoti yangu. Maulida kauliza nina nini. Nimesema jino.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimewapigia simu wenye ving'amuzi. Muziki, muziki, kisha binti mwenye adabu sana. Nikamweleza. Kasema pole. Kasema kila mashine hujitengenezea ufunguo wake siku ya kwanza inapowashwa, nayo haimpi mtu. Haimpi fundi, haimpi mteja, hata wao kampuni haiwaambii. Ni kuzuia watu wasiuze vipindi.

Nimelitafakari hili mchana kutwa. Ufunguo umezaliwa ndani ya mashine, umeishi humo, umefia humo. Mimi ni dalali wa viwanja vya Mapinga, nimezoea hati moja kuwa na nakala tano. Nikamuuliza nakala iko wapi. Kasema haipo. Nikamuuliza je, akija mtu na barua ya mjumbe? Kisha akauliza kama kuna jambo jingine angeweza kunisaidia.

Jino limenivimbisha shavu, Maulida anasema. Sijui limevimbaje na haliumi.

Jumapili, 14 Septemba

Mpango! Mwanyumba wangu Najim, mume wa Hafidha, mdogo wake Maulida, ana king'amuzi kama changu. Tulinunua siku moja, duka moja. Ndugu wa tumbo moja hushindwaje kufunguliana mlango?

Nimekwenda kwake na diski mfukoni na bisibisi kwenye soksi. Najim anafundisha injini za boti Mbegani na ana tabia ya kujua kila kitu, kwa hiyo sikumwambia neno. Nikangoja aende kuswali adhuhuri. Kaniita twende wote. Nikasema nitamfuata. Hafidha alikuwa jikoni. Nikalala kifudifudi chini ya meza, nikatoa diski yake, nikatia yangu, nikawasha. Mashine ikasema diski ngeni, je, ifutwe? Hizi mashine zina nini na kufuta? Nikazima, nikarudisha yake. Skurubu moja haikurudi.

Najim akanikuta chini ya meza. Nikasema nimeangusha pete. Akauliza tangu lini navaa pete. Nikasema ndiyo maana imeanguka.

Jambo nililoliona nikiwa chini kule, king'amuzi chao kiko uchi! Juu ya meza, kavu, hakina hata leso. Kitambaa alichowafumia Mama wamefunikia mtungi wa maji. Nimewaonea huruma. Nyumba imekosa staha.

Kabla sijaondoka, Najim kanikumbusha kwamba yeye kile kipindi anacho kwenye simu. Nilimjibu kwamba hakuna haja, changu ni safi.

Sasa niandike hili, kisha nilisahau. Siku ile sote tulikuwa sebuleni kwangu. Mimi, Maulida, Hafidha, Najim, na Mzee mwenyewe kwenye kiti cha kona. Najim akainua simu akaanza kuirekodi runinga. Nilimcheka sana, mtu mzima anapiga picha ya picha. Tatizo ni kwamba simu ilinasa na chumba. Mzee aliposema yeye mkunaji tu, mimi nikasema kwa sauti kwamba masikini mzee wa watu, miaka arobaini na sita ya ndoa, leo ndiyo kapewa zamu ya kusema, nayo kaitumia kujitetea. Maulida alinifinya. Mengine sikumbuki. Mama mkwe akiyasikia hayo nimekwisha. Simu ya Najim haitawashwa katika nyumba yangu.

Jumanne, 16 Septemba

Mpango wa pili, kununua muda. Nikaenda kumjulia hali Mama. Shikamoo, marahaba mwanangu, kahawa. Nikaanza taratibu. Nikasema nimepiga hesabu ya eda kwenye kalenda ya ukutani, na naona bado kama siku tano au sita.

Mama akaniuliza kalenda ya nani. Nikasema ya duka la saruji. Akaniuliza tangu lini eda ikahesabiwa kwa saruji. Eda ni mwezi wa kuandama. Akavuta uzi kutoka chini ya mto, una mafundo, fundo kwa kila siku, akanihesabisha yote, mia na zaidi, kwa kidole, kama mtoto wa chuoni. Kisha akanitajisha miezi ya Kiislamu kwa mfuatano. Nilikwama kwenye wa tano. Akaniuliza kama chuoni nilisoma au nilikuwa napita nje.

Nilikuwa nimesimama kuondoka aliposema jambo. Akasema sura ya Mzee anayo, picha ipo ukutani. Kinachomponyoka ni sauti. Mwezi wa kwanza alikuwa akiisikia ukumbini. Wa pili akawa anaitafuta. Sasa akijaribu kumsikia anajisikia mwenyewe tu. Ndiyo maana anangoja Ijumaa.

Nimeona aibu. Naandika hivyo hivyo, nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Nimepita njia ya nyuma ili nisikutane na mtu.

Jumatano, 17 Septemba

Aibu imenipa akili! Mzee Abdulswamad ana mdogo wake huko Ubena, Mzee Salumu. Pua ile ile, mabega yale yale. Nimemwita. Nimemvika kofia ya marehemu, nimemkalisha uani juu ya mbuzi na nazi mkononi, nikainua simu. Nikamwambia akune, nikimwashiria aseme kwamba yeye mkunaji tu. Neno jingine asiseme.

Mara ya kwanza kawasalimu wote wanaomfahamu kuanzia Ubena mpaka Chalinze. Mara ya pili kaeleza mananasi ya mwaka huu. Mara ya tatu kauliza mtangazaji yuko wapi, maana hawezi kujibu asichoulizwa. Mara ya nne kakuna kidole gumba. Ndugu wawili, mmoja alichukua maneno yote akamwachia mwenzake pua.

Maulida akatokea mlangoni. Alitakiwa awe sokoni mpaka saa sita. Akamtazama amu yake amevaa kofia ya baba yake, damu kidoleni, nazi mapajani. Akanitazama mimi. Mzee Salumu akamwambia karibu mwanangu, tunakupigia picha ya kumbukumbu.

Akakaa kizingitini. Akauliza baba yake yuko wapi. Nikasema yumo, diski ni nzima, ila amefungiwa na ufunguo umeungua. Nikamweleza yote, isipokuwa habari ya kitambaa. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Akasema kwamba simu ya Najim ipo. Nikasema ipo lakini ina kelele. Akauliza kelele za nani.

Nilikuwa namfunga Mzee Salumu kidole.

Alhamisi, 18 Septemba

Eda imeisha. Wanawake wameshinda kwa Mama. Maulida amemweleza Hafidha, Hafidha amemweleza Najim. Najim hakunicheka, jambo linaloniudhi zaidi. Kauliza tu kama ile skurubu iliyobaki ilikuwa yangu.

Nimemwomba aikate sehemu yenye sauti yangu. Kasema ukikata hapo unakata na Mzee, maana vimeingiliana. Nimeomba homa. Haikuja.

Ijumaa, 19 Septemba

Mama alikuja baada ya sala ya Ijumaa. Kanga mpya, hina, marashi ya asmini. Mkononi ana kikapu. Kila mtu akakwepa kiti cha kona bila kuambiwa. Maulida akamweleza kwamba mashine imekufa na kipindi kitatoka kwenye simu ya Najim. Mama akasema hata kikitoka kwenye kikaango, yeye yuko tayari.

Najim akaunga simu na runinga kwa waya. Picha imelala upande. Kidole gumba chake kimeziba robo ya mkate. Feni inavuma. Nilikuwa karibu kusema neno kuhusu ubora, nikalimeza.

Mama alijitazama dakika nyingi kwa utulivu, akalalamika mara moja tu, kwamba wamekata habari ya iliki. Kisha mtangazaji akageuka. Mzee akainua uso kutoka kwenye nazi. Akasema lile neno lake. Mama akashika mdomo.

Nami hapo hapo nikaanza kusema. Sauti yangu! Kubwa kuliko ya runinga. Masikini mzee wa watu, miaka arobaini na sita, zamu, kujitetea, lote mpaka mwisho. Nilitamani mkeka unimeze. Hafidha alikuwa anatazama dari.

Halafu, kwenye ile kona, mtu akacheka.

Si kwenye kipindi. Humu chumbani, siku ile. Kilianza puani, kikasita kama kinaomba ruhusa, kisha kikateremka kifuani, kikawa kicheko kamili, kirefu, kikaishia na kikohozi na kusema Allah, Allah, huyu mtoto. Mzee alikuwa anacheka hivyo. Nilikuwa nimesahau. Sote tulikuwa tumesahau.

Mama akanyanyua mkono. Akataka irudishwe. Ikarudishwa. Akataka tena. Tuliirudisha mara kumi na moja, na kila mara ilibidi nimtukane upya, kwa sauti ile ile, yeye akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu.

Mwisho akauliza nani aliyesema maneno yale. Watu watatu wakanielekea mimi. Akanitazama muda mrefu. Akasema zamu Mzee alikuwa nayo kila siku, mwenyewe hakuitaka. Alikuwa akimwambia sema wewe, mimi nakuna huku nakusikiliza. Kisha akasema kwamba mdomo wangu, mwanawe Mikidadi, umemkera tangu siku ya posa, na leo kausamehe wote, maana ungefungwa siku ile yeye leo asingempata Mzee.

Akalia. Nami nikalia. Najim naye akalia, akajifanya anakunja waya.

Wakati wa chai nilimuuliza Najim jambo lililokuwa linanikereketa. King'amuzi changu, kama kingekuwa hai, kingekuwa na kile kicheko? Akasema hapana. Kile hurekodi kinachotoka kwenye dishi tu, hakina masikio ya chumbani. Kwa hiyo ningemwonyesha Mama picha safi na sentensi moja.

Nimelala chali nalifikiria mpaka sasa.

Jumapili, 28 Septemba

Mambo yamekaa vizuri. Heshima yangu imepanda. Mama anawasimulia watu kwamba ni mimi niliyemchekesha Mzee, nami sipingi.

Nimepata king'amuzi kipya, kikubwa kuliko cha Najim. Fundi Bwanausi alipokuja kukifunga kasisitiza kiachwe wazi, kipate hewa, kisiwekewe kitu juu. Ushauri wa mafundi ni wa watu wasio na wakwe. Maana kile kikapu cha Mama, mle ndani mlikuwa na kitambaa! Amekifuma eda nzima, kidogo kidogo, kwa uzi mnene, tabaka mbili, pindo mpaka sakafuni. Kasema amesikia mashine yangu ilikufa, huenda vumbi liliingia. Nikasema bila shaka ni vumbi. Cha zamani nimekitandika chini yake, sitaki kione wivu.

Kile kicheko nimekishughulikia pia. Maulida alitaka kila mtu awe nacho kwenye simu yake. Nimekataa, kitu cha thamani hakitawanywi ovyo. Nimekitia kwenye flashi moja, nimeifunga kwa namba ya siri ya tarakimu kumi na mbili, ngumu, hata humu siiandiki. Nilimwomba Najim afute cha kwake ili tubaki na kimoja cha uhakika. Kakataa. Hana imani na watu.

Alhamisi tulifukiza udi kama kawaida, chetezo mahali pake. Leo nimepitisha mkono juu ya kitambaa. Pana joto zuri. Naona mashine imeshaizoea nyumba.